Je, Waliokufa Kwenye Konseri Walikuwa Wenye Dhambi Kuliko Wengine?



Vijana wa kanisa wameleta ulizo mbele ya wazee, na si mara ya kwanza. Tumeona vema kulijibu kwa maandishi, ili ndugu walio katika vituo vya reli na vijiji vya mbali nao walisome na kulipima. Wanauliza hivi: je, mtu aliyebatizwa anaweza kwenda mjini kwa siku moja kusikiliza konseri ya muziki wa dunia, kisha akarudi nyumbani, na asiwe ametenda dhambi?

Kwetu Kamina neno hilo la siku moja linataka maelezo kidogo. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi kuna karibu kilometa 600 za reli, kupitia Bukama, Tenke na Likasi, na yeyote aliyekwisha kulala stesheni akingojea gari la moshi anajua kwamba hakuna anayekwenda kule asubuhi na kurudi jioni. Safari ya siku moja kwetu ni ya wale wanaotoka mashambani kwa kinga, kwa pikipiki au kwa miguu, wakati orkestra inapofika hapa mjini. Tena ni ya watoto wetu waliohamia Lubumbashi, Kolwezi au Kinshasa kwa masomo na kazi, ambao wanapanda basi katika komine yao na kushuka mbele ya uwanja. Hao ndio tunaowaza zaidi, maana hatuwaoni wakitoka wala wakirudi.

Ulizo hilo lina jibu, nasi tutalitoa. Lakini kijana mmoja aliongeza lingine nyuma yake, kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililotukalisha wazee mpaka usiku. Alisema: kama nikienda, na nikafa huko, kanisa litakuja kunizika?

Ninyi nyote mnajua kwa nini aliuliza. Tarehe 29 Oktoba 2022, siku ya Jumamosi, mwimbaji Fally Ipupa aliimba Kinshasa katika uwanja wa Stade des Martyrs, wenye nafasi ya watu kama 80,000. Walikuja watu kupita nafasi, wakajaa hata katika njia za kupitia. Watu 11 walikufa, wawili kati yao wakiwa polisi waliokuwa kazini. Asubuhi ya siku ile walikuwa wameoga, wamevaa nguo nzuri, wameaga nyumbani kwa maneno mafupi, kama watu wanaojua kwamba watarudi.

Kabla maiti hazijazikwa, lilikwisha kusikika neno katika mahubiri ya pahali pengi, na lilifika mpaka huku: Mungu amewapiga. Walikwenda kumtukuza mwanadamu, kwa hiyo Mungu ameonyesha mkono wake. Ni neno jepesi kulisema. Linampa anayelisema kiti kizuri, maana yeye hakuwako, na kwa hiyo anajihesabu kuwa upande wa Mungu. Fikirini sasa mama wa hapa Kamina ambaye mwanawe anasoma Kinshasa, simu ya mwanawe haipokelewi tangu jana, naye amekuja kanisani kutafuta nguvu, akasikia neno hilo kutoka mimbarini. Ameambiwa nini mama huyo? Ameambiwa kwamba kama mwanawe amekufa, asilie sana.

Kisha ukaja mwaka 2024. Katika uwanja ule ule, tarehe 27 Julai 2024, siku ya Jumamosi vilevile, kulikuwa tamasha la nyimbo za Injili la mwimbaji Mike Kalambay. Watu walikuja na Biblia zao, wengine na watoto wao. Ukatokea msukumano, na televisheni ya serikali ikatangaza kwamba watu 9 wamekufa. Tulingoja kusikia wale wahubiri wa mwaka 2022. Wengine walinyamaza. Wengine walisema kwamba safari hii ni shetani aliyewaonea wivu watu wa Mungu. Angalieni ginsi mizani hii inavyopimwa: uwanja mmoja, milango ile ile, vifua vya watu vilivyokosa pumzi kwa namna ile ile, lakini wa kwanza wameuawa na Mungu, na wa pili wameuawa na shetani. Mwenye kupima hivi hajaangalia vifo. Ameangalia tikiti.

Bwana wetu aliulizwa jambo hili hili. Luka anasimulia katika sura ya 13 kwamba mnara ulianguka huko Siloamu ukaua watu 18, na Yesu mwenyewe ndiye aliyeutaja, akawauliza wasikilizaji kama walidhani wale 18 walikuwa na deni kubwa kupita wakaaji wote wa Yerusalema. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakuwaambia kwamba hakuna dhambi duniani. Aliwageuzia neno, akawaambia watubu wao. Katika jibu lake wafu waliachwa wapumzike, na wazima wakapewa kazi. Sisi tumezoea kufanya kinyume: tunawapa wafu kazi ya kutufundisha, nasi wazima tunapumzika.

Lakini imani haitukatazi kuuliza ni nini kilichowaua kwa kweli, maana mnara pia huanguka kwa sababu.

Wengi wanadhani kwamba katika msukumano watu hufa kwa kukanyagwa na miguu ya watu wabaya. Mara nyingi sivyo. Wanakufa wangali wamesimama. Watu wakisongamana sita au saba katika nafasi ya meta moja ya mraba, kifua hakina tena pahali pa kupanukia, na mtu anakosa pumzi bila mkono wowote kumshika koo. Aliye mbele analia. Aliye nyuma hamsikii. Anaona tu kwamba mstari hausogei, basi anasukuma kidogo kwa bega. Na kweli ni kidogo. Lakini nyuma yake wako elfu moja, na kila mmoja anasukuma kidogo.

Huko Marekani, katika mji wa Cincinnati, tarehe 3 Desemba 1979, kulikuwa konseri ya The Who, bendi ya Waingereza ya muziki wa roki, ule wa magitaa yenye sauti kali ambao kwetu ulisikika zaidi redioni. Tikiti nyingi hazikuwa na namba ya kiti: anayeingia wa kwanza ndiye anayepata pahali pa mbele. Maelfu ya watu walingoja nje katika baridi, milango michache tu ikafunguliwa, na waliposikia sauti ya muziki kutoka ndani wakadhani konseri imeanza, wakasonga. Watu 11 walikufa mlangoni. Mdogo wao alikuwa na miaka 15, na mkubwa wao miaka 27. Ndani, konseri iliendelea mpaka mwisho. Waimbaji wenyewe walipewa habari baada ya kuteremka jukwaani. Kisha baraza la mji likakataza kuuza tikiti zisizo na kiti, na katazo hilo likadumu mpaka mwaka 2004. Roki hawakuikataza. Walikuwa wamechunguza, wakakuta mlango.

Na kabla hatujafurahi kwamba hayo ni mambo ya ulaya, tukumbuke Moshi, Tanzania, tarehe 1 Februari 2020. Ilikuwa ibada ya jioni uwanjani. Watu walikimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa, wakaangukiana, wakafa watu 20, watoto wakiwamo. Hakuna aliyekuwa na chupa ya bia mkononi. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta kuponywa, kama ninyi mnavyokuja kwetu siku za maombezi. Nani atathubutu kusema kwamba mafuta ndiyo dhambi iliyowaua, au kwamba imani yao ilipungua katika dakika ile? Walipita wengi, kwa haraka, katika njia ndogo. Kwa mwili wa mtu, njia ndogo ya nyumba ya Mungu haina tofauti na njia ndogo ya uwanja wa mpira.

Kuna mstari katika Injili ya Marko ambao hauhubiriwi sana, 3:9. Watu wengi walikuwa wakimjia Yesu na kumwangukia ili wamguse, naye akawaagiza wanafunzi wake wamwekee tayari mashua ndogo, ili mkutano usimsonge. Yeye aliyetuliza bahari aliomba mashua! Angeweza kuamuru watu wasimame, nao wangesimama. Tena siku ile ya mikate, Marko 6 inasema aliketisha watu kwanza, makundi ya mia mia na ya hamsini hamsini, ndipo chakula kikagawanywa, na hatusomi kwamba mtoto mmoja alipotea. Na Luka 12 inaanza kwa kusema wazi kwamba maelfu walikusanyika mpaka wakakanyagana. Ndiyo, wakakanyagana, waliokuja kumsikiliza Bwana. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kupanga watu, kuhesabu viti na kufungua mlango wa pili ni kazi ya wasio na imani.

Na sisi wa makanisa yaliyozaliwa Afrika tunapashwa kuwa waangalifu kuliko wengine tunapohukumu mkusanyiko wa watu. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alipoanza kuponya wagonjwa huko Nkamba, watu waliacha kazi za Wazungu, wakajaza magari ya moshi, wengine wakaenda kwa miguu siku nyingi, ili tu wamwone na kumsikia. Wakubwa wa Wabelgiji waliona wingi wa watu, wakasikia nyimbo wasizozielewa, na hilo liliwatosha. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa; mfalme akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha; akaletwa huku kwetu Katanga, akafa gerezani Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Watu waliomfuata nao waliitwa wavivu, wenye kichaa, wakimbizi wa kazi. Hatulinganishi nabii na mwimbaji wa rumba, msituelewe vibaya. Tunasema tu kwamba umati wa watu ukitazamwa kwa mbali, na mtu asiyependa wimbo wao, hauonekani vema kamwe.

Basi, je, tunasema kwamba konseri ni kitu kizuri? Hapana, na hapa wazee wenu hawatawabembeleza.

Wimbo usio wa kanisa si lazima uwe wa shetani. Wimbo wa Kiluba wa kutwangia si zaburi, na hakuna mama aliyewahi kutubu kwa kuuimba. Rumba yenyewe iliandikwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2021 kuwa urithi wa Kongo zote mbili, na katika nyimbo zile za zamani mna mafundisho juu ya ndoa, deni na urafiki ambayo wengine wetu tuliyasikia huko kabla hatujayasikia kwa mhubiri. Tunachokiogopa kiko pahali pengine. Tunaogopa feza, maana tikiti ya kijana asiye na kazi imetoka mfukoni mwa mtu, mara nyingi mfukoni mwa yaya yake anayeuza sokoni. Tunaogopa kurudi usiku, na wasichana wanajua tunasema nini. Na tunaogopa mabanga. Mwajua kitu hicho: tajiri analipa, na mwimbaji anataja jina lake katikati ya wimbo, analisifu, na umati unalirudia bila kumjua mtu mwenyewe wala alipoipata mali yake. Ni shule mbaya kwa mdomo wa kijana, kusifu jina lililolipiwa. (Na makwaya mengine siku hizi yanaingiza jina la mheshimiwa katika wimbo wa Bwana, kati ya Haleluya mbili. Hayo nayo ni mabanga, hata yakiimbwa kwa kanzu nyeupe.)

Iko pia habari ya macho. Uwanja ule wa Kinshasa, kwa jina lake kamili, ni wa Mashahidi wa Pentekoste. Mashahidi hao ni watu wanne waliowahi kuwa wakubwa wa serikali, waliokamatwa wakati wa sikukuu ya Pentekoste mwaka 1966 na kutundikwa hadharani tarehe 2 Juni katika mji ule ule: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Bamba alikuwa mtu wa kanisa la Kimbangu. Na Kimba ni wa kwetu: alizaliwa mwaka 1926 katika teritwari ya Bukama, ambayo tangu mwaka 2015 iko katika jimbo letu la Haut-Lomami, na Kamina ndiyo kichwa chake. Makumi ya maelfu ya watu walikuja kutazama. Siku ile hapakuwa tikiti, hapakuwa gitaa, hapakuwa pombe ya kumsingizia. Ilikuwa safari ya siku moja mjini: mtu alitoka nyumbani asubuhi, akasimama na wenzake, akaona watu wanne wanakufa, akarudi kula.

Hatuna katekisimu inayoandika kutazama kuwa dhambi. Lakini ukituuliza ni kusanyiko gani linalotutia hofu zaidi, lile la mwaka 2022 lililokuja kucheza au lile la mwaka 1966, hatuhitaji kufikiri sana. Hatari ya kwenda pahali penye watu wengi, kwa roho, ni kwamba jicho lako linaacha kuwa lako. Unaangalia linakoangalia kundi. Mtu anaanguka karibu na mguu wako, nawe huoni, maana wote wanaangalia jukwaani. Hilo laweza kutokea kwenye konseri, kwenye mkutano wa siasa, na kwenye mkesha pia.

Haya ndiyo tuliyoafikiana, na pale tusipoafikiana tunasema.

Kijana aliyekwenda kwenye konseri hatawekwa chini ya adhabu ya kanisa kwa kwenda tu. Atakaporudi, mzee wa kundi lake atamwuliza alisikia nini, nani alilipa, na kama alimwona mtu aliyeanguka, alifanya nini. Kijana anayejibu ulizo hilo la mwisho kwa kusema kwamba aliacha pahali pake pa mbele ili kumvuta mtu nje, huyo tutamshukuru mbele ya kanisa, hata kama viatu vyake vilikuwa vya kuchezea ndombolo. Wazee wawili hawakukubali jambo hili la kwanza, nao wametuomba tuliandike. Wanasema kwamba mlango ukifunguliwa kidogo hautafungika tena, na kwamba mwenye njaa nyumbani hana ruhusa ya kununua tikiti kwa sababu yoyote. Neno lao la pili ni la kweli, nasi tumelichukua: asiyeacha chakula nyumbani asiende, wala kwenye konseri ya Injili.

Kwa ulizo la kijana yule, wazee wote walikuwa na neno moja. Mtu wa kanisa akifa kwenye konseri, iwe ya dunia au ya Injili, kanisa litakwenda kwao. Mwili ukiweza kuletwa Kamina, tutakuwa stesheni au kwenye uwanja wa ndege kuupokea. Usipoweza, tutakaa matanga bila mwili. Wamama watalala na mama yake. Kwaya itaimba nyimbo zile zile, kanzu zitakuwa zile zile, na kaburi halitachimbwa kando. Hakuna mhubiri atakayepewa nafasi kwenye matanga yale kueleza kwa nini Mungu aliruhusu. Anayeona ana ufunuo juu ya jambo hilo aulete kwanza kwa wazee, na angoje siku 40.

Na kwa kuwa mkutano mkubwa wa mwaka unakaribia, wakati wageni wanapokuja kwa maelfu, yafuatayo yamekwisha kuagizwa. Watu wa maombezi wataketi chini kwa makundi ya hamsini, na waombaji ndio watakaozunguka kuwafikia. Mgonjwa hataitwa kukimbilia mbele. Milango yote mitatu ya ua itabaki wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na pikipiki hazitaegeshwa hapo. Mashemasi kumi watasimama migongo yao ikielekea jukwaani, nyuso zao zikielekea watu, hata wakati wa mahubiri. Tunajua ni vigumu kwao kutomwona mhubiri, kwa hiyo watapokezana kila saa moja. Wanaotaka kujiunga nao waandikishe majina yao kwa katibu kabla ya Jumapili ijayo.

Wazee wa Kanisa, Kamina.